Uzi: Saratani ya mapafu iliyogoma kusikia dawa, kuna mmea unaosaidia kweli?

#1 Binti_wa_Same
Wadau, habari za jioni. Naomba majibu ya anayejua, si ya kubahatisha.

Mama yangu ana saratani ya mapafu. Sigara hajawahi kuigusa, ila amepikia kuni maisha yake yote. Kinyama kilipopimwa vinasaba wakakuta badiliko kwenye EGFR, kipokezi kinachoiamuru seli ikue, akaanzishiwa vidonge vya gefitinibu. Vilimnyanyua kweli kweli. Kikohozi kilikata, akarudi shambani. Sasa CT ya juzi inaonyesha uvimbe umeanza kukua tena, na daktari ametamka neno "usugu".

Nyumbani ndiyo vurugu. Shangazi ameshaleta kiroba cha majani ya mstafeli. Mjomba anasema manjano na pilipili manga, na amenitumia makala inayosema kurkumini iliyomo kwenye manjano inaua seli za saratani ya mapafu hata zile sugu. Nimeisoma, ni ya kitaalamu, si ya mtaani. Kama ni kweli, mbona daktari hajaitaja? Na kama si kweli, mbona inaandikwa?

#2 Mzee_Kobe
Pole sana mwanangu. Nimekaa mkao wa kusoma.

#3 Mfamasia_Moro
Pole dada. Hapo kuna maswali mawili, na watu huyachanganya, ndiyo maana familia zinagombana.

La kwanza: dawa za mimea za saratani ya mapafu zipo, na ziko hospitalini miaka mingi. Paklitakseli ilitoka kwenye gome la mti wa Taxus brevifolia wa magharibi mwa Marekani. Gome lilichukuliwa 1962, Monroe Wall na Mansukh Wani wakachapisha umbo la kemikali hiyo 1971, Susan Horwitz akaeleza 1979 inavyozuia seli kugawanyika, na idhini ikaja 1992, kwanza kwa saratani ya ovari. Dosetakseli ni ndugu yake, huanzia kwenye majani ya mti wa jamii hiyo hiyo wa Ulaya. Vinorelbini imetokana na yale maua ya waridi na meupe tunayootesha uani, Catharanthus roseus, asili yake Madagaska. Etoposaidi inatokana na Podophyllum, mmea wa porini. Topotekani inatokana na mti wa China, Camptotheca acuminata. Zote hizo zimetibu wagonjwa wa mapafu.

La pili: manjano na mstafeli havimo kwenye orodha hiyo, na si kwa sababu vimeonewa.

#4 Tabibu_Mlimani
Mkuu, umejijibu. Kumbe dawa zao zote ni miti. Sasa tofauti ya dripu na sufuria ni nini zaidi ya bei? Baba yangu alitibu kwa mizizi, babu yangu pia, na watu walipona. Mzungu akichemsha inaitwa sayansi, sisi tukichemsha tunaitwa matapeli.

#5 Mfamasia_Moro
@Tabibu_Mlimani sijakuita tapeli na sitakuita. Tofauti ni kiasi. Hadi 1969 watafiti walikuwa wamechakata karibu kilo 1,200 za gome la Taxus, na mwisho wakabaki na gramu 10 tu za dawa safi. Mgonjwa hupewa kama miligramu 300 kwa dripu moja. Piga hesabu: kwa mavuno yale, ni zaidi ya kilo 30 za gome kwa dripu moja, na dripu hazipungui kadhaa. Hata ungezichemsha zote, utumbo unaipokea dawa hiyo vibaya mno ukiinywa. Dripu haikuwekwa kwa ajili ya mbwembwe.

#6 Nesi_Wodi_Tatu
Niongeze kwenye maua ya uani. Mmea huo unatoa pia vinkristini. Dawa hiyo tunaihakiki watu wawili kabla ya kuitundika. Ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama, na ikiingizwa kimakosa kwenye maji ya uti wa mgongo inaua. Sasa mtu anachuma bakuli la majani anachemsha bila kujua amechukua kiasi gani.

Halafu sikilizeni ilivyogunduliwa. Miaka ya 1950 Robert Noble na Charles Beer kule Kanada waliletewa majani kutoka Jamaika, watu huko wakiyanywa kwa ajili ya kisukari. Wakawapa panya. Sukari haikushuka, chembe nyeupe za damu ndizo zilizoporomoka. Mwenye kunywa chai ile kwa sababu ya sukari alikuwa anashusha kinga yake bila kujua. Kwa hiyo wazee hawakukosea kwamba mmea una nguvu. Nguvu hiyo haikuwa mahali walipodhani, basi.

#7 Tabibu_Mlimani
@Nesi_Wodi_Tatu dada yangu, hapo umesema kweli na nimekuelewa. Lakini bila mtu wa Jamaika kunywa, Noble angepata wapi majani?

#8 Nesi_Wodi_Tatu
Asingepata. Hilo sikupingi.

#9 Mdigo_wa_Kwale
Mbona mnazunguka Marekani na China na huku kwetu mmeruka? Nendeni Shimba Hills, Kwale. Kuna mti wa jamii ya Maytenus, kitaalamu Maytenus buchananii. Miaka ya 1970 Wamarekani wa taasisi yao ya saratani walikuja kuuvuna hapa tani kwa tani, kwa ajili ya kemikali inayoitwa maitansini. Wazee wa Kidigo walikuwa wakiutumia mti huo kabla ya hapo. Muulize mtu yeyote wa Kwale alipata nini. Hata kisima hatukuachiwa.

Leo hii kemikali hiyo imo ndani ya dawa ya saratani ya matiti inayouzwa dunia nzima. Ndiyo sababu mimi nikisikia "ushahidi hakuna" naona moto. Ushahidi wanautafuta wakishabeba.

#10 Seli_na_Sahani
Nasoma baiolojia ya saratani, naomba nirekebishe kidogo bandiko la #9, maana habari yenyewe ni nzito kuliko ilivyoandikwa.

Maitansini haikuanzia Kenya. Kupchan aliitangaza 1972 kutokana na mti wa jamii hiyo uliochukuliwa Ethiopia. Shimba Hills ilifuatwa baadaye kwa kuwa walihitaji mti wenye kemikali nyingi zaidi. Majaribio kwa wagonjwa yakafanyika miaka hiyo hiyo ya 1970, ikashindwa. Ilikuwa kali mno, watu walitapika, wakaharisha, mishipa ya fahamu ikaumia. Ikawekwa kabatini. Baadaye kabisa ndipo walipopata akili ya kuifunga kwenye kingamwili inayoijua seli ya saratani, ili sumu ishuke huko tu. Dawa ya matiti unayoisema iliidhinishwa 2013 ikiwa na maitansini iliyobadilishwa kidogo.

Na jingine: siku hizi haivunwi mtini. Malighafi yake hutolewa na bakteria wanaokuzwa kwenye mapipa. Kuna hata ushahidi kwamba kwenye baadhi ya mimea ya jamii hiyo wanaoitengeneza ni vijidudu wanaoishi mizizini, si mti wenyewe.

#11 Mdigo_wa_Kwale
Sawa, Ethiopia kwanza. Lakini hili la bakteria ndilo linanitia shaka. Kila mara mali ya Mwafrika ikianza kuwa na thamani, inagundulika kwamba haikuwa yake, ilikuwa ya vijidudu. Vijidudu hivyo vilikuwa vinaishi mizizi ya wapi?

#12 Mzee_Kobe
Kijana wa sahani, kabla hujajibu hilo, tuelezee sisi wazee huo usugu ni nini hasa. Dawa ilikuwa inafanya kazi, kesho haifanyi. Imechoka?

#13 Seli_na_Sahani
Mzee, dawa haichoki. Seli ndizo zinazobadilika, na njia ni nyingi.

Njia moja: tundu ambamo kidonge hujipachika kwenye EGFR linabadilika umbo. Kwa wanaotumia gefitinibu au erlotinibu, takriban nusu ya usugu unatokana na badiliko moja linaloitwa T790M. Njia nyingine: seli inaacha EGFR na kutumia mlango wa pembeni, mfano MET. Ya tatu inashangaza: saratani inageuka aina, kutoka ile isiyo ya seli ndogo kuwa ya seli ndogo. Ya nne ni pampu. Seli ina pampu kwenye ukuta wake, dawa ikiingia inasukumwa nje, kama mvuvi anavyokumba maji kutoka kwenye mtumbwi unaovuja.

Na hapa ndipo shauku ya mimea inapotiwa chumvi. Paklitakseli na dawa za vinka (zile za maua ya uani) zenyewe ni miongoni mwa zinazotupwa nje sana na pampu hiyo. Kutoka mtini hakukuzipa kinga yoyote dhidi ya usugu. @Binti_wa_Same, makala uliyotumiwa nadhani inasema kurkumini inazuia pampu hiyo, au inazima njia za EGFR, kwenye seli zilizooteshwa sahanini. Ni kweli sahanini inafanya hivyo.

#14 Binti_wa_Same
Ndivyo inavyosema, karibu neno kwa neno. Sasa kama sahanini inafanya, kwa nini mtu asinywe?

#15 Mfamasia_Moro
Kwa sababu ikinywewa haifiki. Kurkumini inaingia kwenye damu kidogo sana, na hicho kidogo ini linakibadilisha haraka. Sahanini wanamimina kiasi ambacho damu ya mama haitakifikia hata akila manjano kwa kijiko.

#16 Seli_na_Sahani
Mimi nina maelezo tofauti na ya Mfamasia. Tatizo si kufika tu. Kurkumini ni miongoni mwa kemikali zinazodanganya vipimo vya maabara. Inang'aa yenyewe, inavunjika, inashikana na protini ovyo, kwa hiyo karibu kila kipimo kinasema "imefanya kazi". Mwaka 2017 kundi la wanakemia lilichapisha mapitio: majaribio zaidi ya 120 ya kurkumini kwa watu, na hakuna hata moja lililolinganishwa na dawa bandia, mgonjwa na daktari wote wasijue nani kapewa ipi, ambalo lilifanikiwa. Ukiisafirisha vizuri zaidi mwilini unaweza kuwa unasafirisha kitu ambacho hakikuwa na kazi tangu mwanzo.

#17 Tabibu_Mlimani
Nyote wawili mmesahau sababu ya tatu. Manjano hayana hatimiliki. Nani atatoa mabilioni kuyafanyia jaribio kubwa wakati mama yeyote anayachimba nyuma ya nyumba? Ukimya wa daktari si ushahidi.

#18 Mfamasia_Moro
Hoja ya hatimiliki ina ukweli wake. Lakini artemisinini ilitoka kwenye pakanga ya Kichina, aliyeigundua, Tu Youyou, hakuwa kampuni, alikuwa mtumishi wa serikali, na leo kila zahanati ina dawa mseto ya malaria. Yeye mwenyewe alifika pale alipoacha kuchemsha na kutumia etha kwa joto la chini, baada ya kusoma maandishi ya zamani yanayosema loweka kwenye maji na ukamue. Joto lilikuwa linaua dawa. Nobeli akapewa 2015.

#19 Tabibu_Mlimani
Alisoma maandishi ya waganga! Asante.

#20 Mzee_Kobe
Hahaha, hapo Mfamasia umempa mwenzio goli la bure.

#21 Dereva_wa_Masafa
Mimi nauliza tu, mnakumbuka kikombe cha Babu wa Loliondo 2011? Foleni ya magari Samunge kilomita kwa kilomita, shilingi 500 kikombe, mti wa mugariga. Nilipeleka abiria huko. Wengine walishuka garini wakatembea kwa mguu. Na wengine niliwasafirisha kurudi wakiwa wameacha vidonge vyao vya sukari na vya VVU palepale.

#22 Tabibu_Mlimani
Babu aliitoa kwa imani na bei ya mnyonge, Mungu amrehemu. Msimchanganye na wauza chupa wa mitandaoni.

#23 Mama_Nuru
Naomba tusiende mbali na mgonjwa wa dada. Baba yangu alikohoa muda mrefu. Kituo cha kwanza walisema kifua kikuu. Makohozi hayakuonyesha kitu, lakini alianzishiwa dawa za TB hivyo hivyo, tukasubiri dozi iishe. Ilipofanyika CT, uvimbe ulikuwa umeshagusa ini. Katikati ya huo muda alikuwa pia anakunywa chupa ya mitishamba ya jirani, na kila alipojisikia nafuu kidogo tuligombana ni kipi kimemsaidia. Hakuna kilichokuwa kinamsaidia. Muda ndio uliotuponyoka.

Dada, kabla ya majani au dripu, jua kwanza uvimbe wa mama umebadilika vipi.

#24 Binti_wa_Same
@Mama_Nuru pole dada yangu, na asante. Hilo la kupima upya sijaambiwa. Na kuhusu mstafeli?

#25 Nesi_Wodi_Tatu
Mstafeli una kemikali ziitwazo asetojenini, na mojawapo, anonasini, inaua seli sahanini kwa kuzinyima nguvu. Shida ni kwamba haichagui. Visiwani Guadeloupe waligundua wagonjwa wengi kupita kawaida wenye ugonjwa unaofanana na wa Parkinson, na 1999 watafiti wakauhusisha na ulaji wa matunda ya jamii hiyo na chai ya majani yake. Tunda moja mezani si tatizo. Kiroba cha majani kila siku kwa mama mgonjwa, mimi singekubali.

#26 Daktari_Mstaafu_Tanga
Nimepita kimya hadi hapa. Kuna jambo moja halijaguswa, na linahusu mapafu hasa.

Karoti. Tulidhani betakarotini, rangi ya karoti na maembe, itakinga mapafu, kwa kuwa walaji wa mboga na matunda walionekana kupata saratani hiyo kidogo. Finland wakachukua wanaume wavutaji 29,133. Matokeo ya 1994: waliopewa vidonge vya betakarotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Marekani nao walikuwa na jaribio lao la watu 18,314. Likasimamishwa mapema, Januari 1996, ongezeko likiwa asilimia 28. Kemikali ya mboga, ikiwa safi na kwa kiasi kikubwa, iliwazidishia ugonjwa. Nilikuwa nikiwashauri wagonjwa wangu wakati huo, na sijasahau jinsi habari ile ilivyotushtua wodini.

Ukimwona mtu anasema "ni mmea tu, hauna madhara", mwonyeshe hilo.

#27 Mjomba_Huyohuyo
Mimi ndiye mjomba wa manjano, mpwa wangu kanitumia uzi. Nimesoma yote. Lakini pilipili manga hamjaigusa. Jaribio la 1998 lilionyesha piperini, kemikali ya pilipili manga, inapandisha kurkumini kwenye damu ya mtu kwa asilimia 2,000. Basi hoja ya Mfamasia ya "haifiki" imeanguka.

#28 Mfamasia_Moro
Karibu mjomba, na nimefurahi umekuja mwenyewe. Jaribio hilo lipo, na takwimu ni hiyo. Lakini asilimia 2,000 ya kiasi kidogo mno bado ni kidogo. Kubwa zaidi ni namna piperini inavyofanya hivyo. Inazuia vimeng'enya vya ini na utumbo vinavyovunja dawa. Vimeng'enya hivyo hivyo, hasa CYP3A4, ndivyo vinavyovunja gefitinibu ya mama. Viungo vya pilau havina neno. Piperini ya vidonge kila siku inaweza kupandisha dawa ya mama damuni bila daktari kujua. Balungi ni vivyo hivyo. Na kuna mitishamba inayofanya kinyume, inaharakisha kuvunjwa kwa dawa, mgonjwa anameza kidonge na hakifanyi kazi, halafu tunasema saratani imekuwa sugu.

#29 Mjomba_Huyohuyo
Hilo la mwisho sikulijua. Nampigia dada yangu sasa hivi aache vidonge vya piperini. Pilau aendelee.

#30 Seli_na_Sahani
Hapo mjomba umeamua vizuri.

Sasa @Binti_wa_Same, njia ilivyo. Omba kipimo kirudiwe, cha damu au cha kinyama. Ikiwa ni T790M, kuna osimertinibu, iliyoidhinishwa Marekani 2015 kwa hali hiyo hasa, na haijatoka mtini. Ikiwa saratani imegeuka kuwa ya seli ndogo, tiba ya kawaida ni sisplatini au kaboplatini pamoja na etoposaidi, nayo hiyo ni mmea, kama Mfamasia alivyoandika #3.

Na la tatu ndilo jibu la swali lako la mwanzo. Kamptotesini ya ule mti wa China iligunduliwa 1966 na Wall na Wani hao hao. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa ilitoa damu kwenye kibofu, ikasimamishwa. Kizazi chake cha leo, derukstekani, kimefungwa kwenye kingamwili kama maitansini. Juni 2025 Marekani iliidhinisha datopotamabu derukstekani kwa wagonjwa wa mapafu wenye EGFR ambao vidonge na kemo ya platini vimeshashindwa. Kemikali yenye asili ya mmea dhidi ya saratani sugu ya mapafu, imefika.

#31 Tabibu_Mlimani
Kwa hiyo mti.

#32 Mfamasia_Moro
Mti kama chanzo. Derukstekani hutengenezwa kwa hatua nyingi za kemia, na kazi kubwa ni ya kingamwili inayoifikisha. Mimi siiti mitishamba.

#33 Mdigo_wa_Kwale
Na mimi naiita mti. Ukitoa mti hakuna cha kufungwa kwenye hiyo kingamwili. Wanasheria nao wasikwepe kwa hoja hiyo. Mkataba wa Nagoya wa kugawana faida ulianza kutumika 2014, wakati Shimba Hills ilishavunwa.

#34 Daktari_Mstaafu_Tanga
Mbishane, ila dada ajue dawa hizo zinaweza kuvimbisha mapafu yenyewe, na kuchubua mdomo na macho. Kikohozi kipya kwa anayetumia kisisubiri kliniki ijayo. Na upatikanaji wake huku ni swali la kumuuliza daktari wake, bei iko mbali na mfuko wa wengi.

#35 Binti_wa_Same
Nawashukuru wote. Nimempigia daktari, amekubali damu ipimwe T790M, kinyama kama damu haitaonyesha. Ameniambia nimletee kila kitu mama anachokunywa, hadi majani ya shangazi. Shangazi amenuna, ila kiroba amenipa.

#36 Mgeni_wa_Kigoma
Samahani kwa kuingilia. Baba yangu naye ana EGFR, lakini yeye alianzishiwa osimertinibu moja kwa moja na sasa imegoma. Hiyo T790M inamhusu?

#37 Seli_na_Sahani
Pole mkuu. Kwake uwezekano ni mdogo sana, dawa aliyoanza nayo tayari inaizuia. Kwake hutafutwa badiliko jingine la EGFR liitwalo C797S, MET, au kugeuka kuwa ya seli ndogo, kwa hiyo aombe kipimo kipana, si cha badiliko moja. Weka hapa majibu ya kipimo chake cha kwanza, ukifuta jina na namba ya faili.

#38 Nesi_Wodi_Tatu
Na uandike pia kama kuna chupa yoyote ya mitishamba anayokunywa. Hatutamgombeza.